Kwenda Money20/20 Amsterdam ukitokea Dar: mwongozo kwa anayetafuta mshirika

Nimetoka kumsaidia kijana wa kampuni moja ya kutuma fedha kujiandaa na Money20/20, ule mkutano wa kampuni za malipo unaofanyika kila Juni katika ukumbi wa RAI, Amsterdam. Maswali yake ni yale yale ninayoulizwa na kila mtu, kwa hiyo nayaandika hapa niwe nawatumia watu kiungo. Sisemi na anayekwenda kusikiliza hotuba. Nasema na anayekwenda kutafuta mshirika wa biashara.

Hatua ya 1: Andika unachokitafuta

Sentensi moja. Mfano: "Tunatafuta kampuni yenye leseni Ulaya ituletee fedha za Watanzania walioko Ujerumani na Uholanzi, sisi tuzifikishe kwenye simu za ndugu zao." Ukishindwa kuiandika, usilipie tiketi.

Hatua ya 2: Tiketi na barua ya mwaliko

Lipa mapema, bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Ukishalipa, omba barua ya mwaliko kwa ajili ya viza. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye pasipoti, mawili kazini na moja la mtaani kwenye LinkedIn. Mtu wa viza hana muda wa kuyapatanisha.

Hatua ya 3: Viza (vuta kiti)

Uholanzi iko Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Hizo 15 zisikudanganye. Uamuzi wenyewe kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kuvutwa hadi 45, na hapo bado hujahesabu kusubiri nafasi ya kupeleka fomu. Kwa mkutano wa Juni, faili liwe limeingia mwanzoni mwa Aprili. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Pasipoti ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Mimi hununua bima kwa kampuni za hapa hapa Dar, maana tarehe ikikosewa unakwenda mwenyewe kaunta na inarekebishwa ukiwa umesimama.

Hayo ndiyo mepesi. Kinachowakwamisha watu wetu ni taarifa ya benki. Mshahara unaingia tarehe 25, jioni ile ile umeshahamia kwenye simu, na kuanzia hapo kodi, LUKU, ada na mchango wa harusi vyote vinalipwa kwa simu. Benki inabaki na elfu kumi na mbili. Sisi wa malipo tukiona hivyo tunapiga makofi, ndiyo kazi yetu. Afisa wa viza anaona mtu asiye na kitu.

Dawa yake inaanza miezi mitatu kabla. Acha mshahara ukae benki, lipa kodi ya nyumba kutoka benki, tumia kadi pale inapokubalika. Chapisha na taarifa ya akaunti yako ya simu ya miezi hiyo hiyo, kisha andika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kwamba fedha inayotoka benki ndiyo hii inayoingia huku, ukionyesha miamala miwili mitatu yenye tarehe na kiasi kinacholingana. Usimwachie akisie.

Usiazime fedha ya kupamba akaunti. Milioni nane zilizoingia Jumanne na maombi yakapelekwa Alhamisi zinajieleza zenyewe. Kama kweli umeuza kiwanja, weka mkataba wa mauzo. Kama ni zamu yako ya upatu, kuueleza upatu kwa mgeni ni kazi ngumu. Bora fedha hiyo iingie mapema na ikae.

Halafu, nani analipia safari? Jibu liwe moja kwenye faili zima. Barua ikisema kampuni inalipa, basi hoteli, tiketi ya mkutano na posho zionekane zinatoka kwenye akaunti ya kampuni. Nimeona faili ambalo barua inasema kampuni, hoteli imelipwa kwa kadi ya mke, na nafasi ya ndege imeshikwa na binamu aliyeko Oman. Kila kimoja kilikuwa halali, ila kwa pamoja vilileta maswali.

Kama kampuni ni yako, usijiandikie barua ya ajira na kuisaini mwenyewe. Asaini mwenyekiti wa bodi au mkurugenzi mwenzako, na uambatishe nyaraka za BRELA, cheti cha TRA cha kutodaiwa kodi, leseni ya Benki Kuu na taarifa ya benki ya kampuni. Chochote kilicho kwa Kiswahili kitafsiriwe kwa Kiingereza.

Mawili ya mwisho. Ukitaka kupitia kwa dada yako Hamburg baada ya mkutano, hesabu siku: ombi hupelekwa nchi utakayokaa zaidi. Na viza hii haikufikishi London, Uingereza haimo Schengen.

Mawakala wa viza wa mjini siwapendi. Wanajaza fomu kwa kunakili, na siku ukiulizwa wewe hujui kilichoandikwa.

Hatua ya 4: Miadi

Usidhani ni Sabasaba, kwamba utapita banda moja hadi jingine ukisalimia. Watu unaowataka wana ratiba zilizojaa kabla hawajapanda ndege. Programu ya simu ya mkutano ikifunguliwa, anza kuomba miadi siku hiyo hiyo. Wakurugenzi wakuu waache. Tafuta wanaoshughulikia washirika na mtandao wa malipo, hasa wenye Afrika kwenye cheo chao. Ujumbe wa sentensi tatu unatosha: wewe ni nani na una leseni gani, unataka nini, unapatikana lini. Usiambatishe chochote.

Muda uandike kwa saa 24, na sema ni saa za Amsterdam. Juni wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiingiza miadi ya 10:00 kwenye kalenda ya simu ukiwa Dar bila kubadilisha ukanda wa saa, ukitua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, itasomeka 09:00. Ukiiweka kwa saa zao tangu mwanzo, hutawahi wala kuchelewa.

Hatua ya 5: Majibu ya maswali yao

Watakuuliza fedha za wateja zinakaa wapi (eleza akaunti za dhamana benki), mnamtambuaje mteja (laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA), na mnachujaje majina yaliyowekewa vikwazo. Tanzania iliondolewa Juni 2025 kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, na wengine hawajasasisha faili zao. Litaje hilo mwenyewe, kisha angalia na orodha ya Umoja wa Ulaya, maana hizo ni mbili tofauti.

Usipoteze dakika zako kueleza mawakala ni nini. Sema kwamba kwetu mitandao ya simu ilianza kutumiana fedha moja kwa moja mwaka 2014, halafu nenda kwenye swali linalobeba biashara yote: floti ya wikiendi, yaani fedha iliyowekwa tayari ya kulipia wanaopokea, ni ya nani?

Iko hivi. TARGET, mfumo wa Benki Kuu ya Ulaya ambao benki hutumia kulipana, haufanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Mteja wa Rotterdam anatuma Jumamosi asubuhi, mama yake Moshi anatoa kwa wakala baada ya dakika tano. Shilingi zimeshatoka, fedha ya mshirika bado iko Ulaya. Lazima mtu awe ameweka floti Dar tangu Ijumaa. Pasaka inakuwa siku nne, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na ndipo watu wanapotuma zaidi. Mshirika atakwambia euro siku hizi hutembea papo hapo saa zote. Ni kweli, zikiwa ndani ya Ulaya. Muulize zinageukaje shilingi Jumapili, na kiwango cha kubadilisha kikiyumba hasara inabebwa na nani. Anayejibu kwa namba ndiye wa kuendelea naye.

Hatua ya 6: Kulala na kutembea

Amsterdam ni ghali, na kodi ya watalii ya jiji ni asilimia 12.5. Mimi hupendelea Hoofddorp, upande wa pili wa Schiphol. Kuna treni za moja kwa moja. Hakikisha yako inasimama stesheni ya RAI. Unagusa kadi ya benki kuingia na kutoka. Ukisahau kugusa wakati wa kutoka, utakatwa zaidi. Plagi zetu haziingii kwao, beba adapta.

Hatua ya 7: Ukumbini

Viatu laini, daftari, kadi za biashara za karatasi. Vipeperushi acha nyumbani.

Hatua ya 8: Ukirudi

Barua pepe ndani ya siku mbili, ikitaja jambo moja mlilozungumza na hatua moja inayofuata, kwa kawaida mkataba wa kutunza siri. Sera zenu za KYC (za kumtambua mteja) na hesabu zilizokaguliwa ziwe tayari kwenye folda moja. Wakiziomba zitumwe siku hiyo hiyo. Na kabla ya kusaini huduma mpya, peleka faili Benki Kuu kwanza. Mzungu akikuharakisha, mwambie hivyo hivyo: naye anasimamiwa na mamlaka ya kwao, ataelewa.