Kabla hujaandika itifaki yako ya kubadilishana funguo

Kwanza jiulize kama kweli unahitaji ya kwako. TLS 1.3, itifaki inayolinda tovuti za https, ipo tangu Agosti 2018, imepekuliwa na watu wengi kuliko waliojaa ofisini kwenu, na ilishautupa ule mtindo wa kubadilishana funguo kwa RSA ambao ufunguo mmoja wa seva ukiibwa, hata mazungumzo ya miaka ya nyuma yanasomeka. Bado unang'ang'ania? Haya.

Namba nasibu zitoke kwenye mfumo endeshi, si kwenye saa ya simu. Diffie-Hellman, njia ya pande mbili kupata siri moja bila kuitumana, ikiwa tupu haikuambii unaongea na nani, kwa hiyo weka saini ya kidijitali, na saini ifunge ujumbe wote uliopita pamoja na majina ya pande zote mbili. Itifaki ya Needham na Schroeder ya mwaka 1978 ilikaa hadi 1995 ndipo mtafiti Gavin Lowe akaonyesha jinsi mtu wa tatu anavyojipenyeza. Dawa yake? Kutia jina la anayejibu kwenye ujumbe wa pili. Jina tu! Ukitumia X25519, aina ya Diffie-Hellman ya siku hizi, na jibu likatoka sifuri tupu, kata mawasiliano.

Sasa kufuta funguo. Hapa ndipo nilipoungua.

Tulikuwa na mfumo wa wapimaji zabibu Hombolo: simu inatuma jina la mkulima, kilo na malipo kwenye seva iliyopo Dodoma mjini. Simu ilitengeneza ufunguo mpya wa muda kila ilipounganishwa. Kwenye seva nikaona nisiichoshe, nikatengeneza mmoja tu inapowaka. Uvivu mtupu, maana hesabu ya X25519 haimalizi hata kupepesa jicho. Seva ile haikuzimwa miezi saba, na kila usiku ilichukuliwa nakala nzima, kumbukumbu yake (RAM) ikiwemo, kwenye diski ya nje.

Diski ikapotea na begi stendi ya Nanenane.

"Si ulisema hata wakiiba ufunguo, ya nyuma hayafunguki?" bosi akaniuliza. Nikamjibu ndiyo, bosi, ondoa shaka. Halafu roho ikanisuta. Nilikuwa na pakiti tulizonasa wakati tunasaka tatizo la mtandao, na nakala nyingine ya usiku uleule. Nikazichimba humo baiti 32 za ufunguo wa seva. Chai haijapoa, mstari wa kwanza ukafunguka: kilo 46, jina la mama mmoja, na namba yake ya simu. Bosi alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno, alivuta kiti akakaa.

Kwa hiyo ufunguo wa muda uzaliwe na kila kikao, pande zote mbili, na ufutwe mara tu ufunguo wa kikao unapopatikana. Ufute kwa amri ambayo kompaila, programu inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine, haitairuka. Nakala isibebe kumbukumbu ya mashine, logi zisiandike funguo hata siku ya majaribio, na ufunguo wa tiketi za kurudia kikao ubadilishwe mara kwa mara, la sivyo umerudi kulekule. Data inayotangulia kabla salamu hazijaisha, ile 0-RTT, haina kinga hii ya kulinda ya nyuma na inaweza kurudiwa na mtu mwingine. Malipo usiyapitishe humo kabisa.

Itifaki ipitishe kwenye ProVerif au Tamarin, programu za kuhakiki itifaki kihesabu, kabla ya kuajiri wapimaji wa usalama. Nywila za seva zisikae kwenye kikundi cha WhatsApp. Na diski ya nakala, kama lazima isafiri, aibebe mtu asiyeshuka kununua soda.