Kutega Panya wa Nyika Marigat kwa Mitego ya Sanduku

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wanaotoka Nakuru kuteremka Marigat, ambako nyika ni kame na mchana humwoni hata panya mmoja.

Hatua ya kwanza ni karatasi: leseni ya utafiti ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), kibali cha Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha, na idhini ya mwenye ardhi.

Pili, chagua mitego. Mimi hutumia Sherman, yaani mtego wa sanduku la alumini unaokunjwa, ambao humnasa mnyama akiwa hai. Mtego wa kubana shingo siutaki kabisa, kwa kuwa huua hata mnyama usiyemhitaji.

Tatu, changanya oti na siagi ya njugu, ufinyange chambo kama gololi, ukiweke nyuma ya kibao kinachokanyagwa. Ukikipaka juu ya kibao, utawaalika sisimizi.

Nne, panga mitego kila mita 10, kila mmoja na namba yake na utepe mtini. Vaa viatu vya soli nene, kwani miiba ya mathenge, mti uliotapakaa huko, hutoboa hata gurudumu.

Hatua ya tano ndiyo inayoua wanyama wengi: muda. Fungua mitego jua linapokaribia kuzama, na uanze kuikagua kwa tochi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ili mtego wa mwisho ufikiwe kabla ya kupigwa na jua. Sanduku la alumini hupata joto haraka, na panya hawezi kujipoza kwa jasho kama sisi. Kwa sababu hiyo weka kila mtego upande wa magharibi wa kichaka, ambako kivuli cha asubuhi hudumu; si kinga, ni akiba ya dakika chache tu. Ukishakagua, funga mitego yote hadi jioni. Palipo na virukanjia, wanyama wadogo wa pua ndefu wanaofanana na panya, ambao hawastahimili njaa ya saa nyingi, kagua pia saa nne usiku. Usiku wa baridi, tia pamba ndani.

Sita, vaa glavu, mmimine mnyama kwenye mfuko wa kitambaa, umpime uzito na kuandika jinsia yake. Panya miba, yule mwenye manyoya magumu kama miiba, usimshike mkia wala kumbana, maana ngozi yake huchanika kwa urahisi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu panya miba wa Kenya ulionyesha kwamba ngozi hiyo huota upya pamoja na manyoya, lakini hiyo si ruhusa ya kumchuna.

Mwachilie penye utepe ule ule ulipomnasa. Siku ya kuondoka, hesabu mitego kwa namba. Zisipotimia, rudini mkatafute, hata kama matatu inawasubiri.