Kabla Majina Hayajatoka: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayesubiri Chuo

Usiku mmoja wa Agosti nilimkuta mpwa wangu amekaa barazani kwetu Mikindani, Mtwara, saa nane, mwanga wa simu unammulika usoni. Anafungua ukurasa wa chuo, anaufunga, anaufungua tena. Ulikuwa haujabadilika tangu magharibi. Nikakaa pembeni yake, nikamuuliza anaogopa nini hasa. Nilitegemea aseme anaogopa kukosa. Akasema, “Mjomba, sijui kama yule kaka wa steshenari aliandika namba yangu au yake.”

Asubuhi tukaenda. Aliandika yake. Neno la siri nalo hakulikumbuka, maana siku ile alikuwa amewaombea watu kumi na kitu. Tulihangaika siku tatu mpaka akaunti ikarudi mikononi mwa mwenyewe, na usiku wa siku ya tatu kijana akalala. Majina yalikuwa bado hayajatoka. Tangu hapo nimewasindikiza wengine watatu, na nimeona ni vilevile: sehemu kubwa ya kinachomkosesha mtu usingizi ni kazi iliyobaki nusu, ambayo bado ingeweza kumaliziwa.

Kwa hiyo anza na akaunti na laini. Andika kwenye daftari jina la kila chuo ulichoomba, jina la kuingilia, neno la siri na namba ya simu uliyotumia, kisha jaribu kuingia wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Sababu ya kung'ang'ania namba ya simu ni hii: aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba aliyoombea. Ujumbe usipofika, unaweza kuingia kwenye mfumo wa chuo husika ukaomba utumiwe tena, lakini nao utakwenda kwenye namba ileile. Kama laini ni ya mama, mama asiondoke nayo kwenda shamba Tandahimba wiki hiyo.

Wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria ndio ninaowaonea huruma zaidi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na wengi yanawakuta kambini, wengine hapo hapo Nachingwea, kikosi cha 843 KJ. Kabla hujaripoti, mwachie mtu mmoja nyumbani daftari lile, nakala za vyeti na laini yenyewe iwe inatumika, kwani laini ikikaa muda mrefu kimya hufungwa. Mkubaliane pia vyuo na kozi kwa mpangilio, asije akakuchagulia ualimu wa historia wakati roho yako iko kwenye uhandisi.

Kuhusu sifa, nitasema kwa kifupi. Kwa waliomaliza kidato cha sita, kima cha chini ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo, na kozi za afya zina ushindani mkali. Mwenye sifa anaweza kukosa kwa sababu nafasi zimejaa, na hilo halimaanishi kwamba hafai. Mzazi, tafadhali lielewe hili mapema, kabla hujaanza kuuliza “ulisoma nini miaka miwili?”

Sasa pesa. Hapa ndipo sisi wa Kusini tunapaswa kufikiri kwa kalenda yetu wenyewe. Ufuta huuzwa Juni na Julai. Korosho mnada wake huanza Oktoba, na malipo ya mkulima huja baada ya mnada. Kipindi cha kusubiri chuo, Agosti na Septemba, kinaangukia katikati, wakati mfukoni hakuna kitu na hela iliyopo imeishia kwenye kuhudumia mikorosho. Nimeshuhudia nyumba ikigombana kila jioni, kijana akidhani wanagombana kwa sababu yake. Basi familia ikae wakati wa ufuta, itenge nauli na hela ya kuanzia. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na wa Dodoma bado ana safari nyingine mbele. Huku kwetu mjomba ndiye anayefuatwa kwa mambo ya ada, kwa hiyo nasema na wajomba wenzangu: tamka mapema utatoa kiasi gani. Mpwa anayejua kwamba mjomba atatoa laki mbili analala vizuri kuliko anayeambiwa “tutaona.”

Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi hayangoji jina litoke. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi anahakikiwa pia cheti cha kifo. Linganisha majina herufi kwa herufi. Mpwa wangu wa pili alikuwa “Saidi” kwenye cheti cha kuzaliwa na “Saidy” kwenye cha kidato cha nne, tukalazimika kumtafuta wakili atuandalie hati ya kiapo. Mkopo nao hutangazwa kwa awamu, kwa hiyo ukikosa kwenye orodha ya kwanza usianze kufungua begi.

Watakuja watu wanaosema wanamjua mtu anayeweza kusogeza jina. Usiwape hata shilingi. Malipo halali hupitia namba ya kumbukumbu inayotoka kwenye mfumo, hayapiti kwenye simu ya mtu.

Halafu kuna maswali ya watu. Ukipita sokoni ni “vipi chuo?”, msikitini “vipi chuo?”, kwenye arusi “vipi chuo?” Wanauliza kwa mapenzi, lakini mtu akijibu mara kumi kwa siku kwamba bado, jioni amechoka kama aliyebeba magunia. Kwa mpwa wangu yule wa barazani, tuliamua anayejibu ni mama yake peke yake. Kijana alifundishwa sentensi moja: “Muulize mama, yeye ndiye anayefuatilia.” Simu tuliipangia saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Kati ya hapo alikuwa shambani anafyeka chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka, kazi ambayo inachosha mwili na haimpi mtu nafasi ya kuhesabu dakika. Grupu la waliomaliza pamoja alilinyamazisha. Hakutoka.

Lakini kuna kungoja kunakogeuka ugonjwa. Akiacha kula siku kadhaa, akijifungia, au akisema afadhali asingezaliwa, hapo msimwambie awe na subira. Kaeni naye, asibaki peke yake, na mpelekeni hospitali, iwe Ligula, Ndanda au Sokoine pale Lindi.

Andika pia, kabla ya awamu ya kwanza ya majina ya vyuo, utakachofanya ukikosa. Awamu ya pili huwa ipo kwa kozi zenye nafasi, kwa hiyo orodha ya kozi tatu za akiba iwe tayari kwenye daftari. Stella Maris iko Mtwara, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mtwara, Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuingia digrii baadaye. Kusoma ukiwa unalala kwenu hakuna aibu, na gharama yake ni nafuu.

Mpwa wangu yule wa barazani awamu ya kwanza alikosa. Alilia kidogo, akafungua daftari, akaomba zile tatu. Ujumbe ulimkuta shambani, panga mkononi. Bibi yake alipoambiwa ni Dodoma aliuliza kama kule kuna baridi, kisha akaingia ndani kutafuta blanketi.