Mradi wa maji ya mserereko: jinsi ya kuusimamia toka kuuibua hadi kuufunga

Vitabu vya usimamizi wa miradi, vya PMI (taasisi ya wasimamizi wa miradi) ya Marekani vikiwemo, vinataja makundi matano ya kazi: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, kisha kufunga. Mgawanyo ni mzuri, ila haukwambii mvua inaanza lini. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, toka Kilolo na Mufindi mpaka Makete na Rungwe, mvua ni msimu mmoja: inaanza Novemba, inakwenda hadi Aprili, na Rungwe inapitiliza. Ratiba isiyoanzia hapo ni karatasi tu.

Natumia mfano wa maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya. Ukijenga zahanati au banda la kukusanyia parachichi, hatua ni zilezile. Kijiji chetu cha mfano kina watu 2,400 katika kaya 500, chemchemi iko mlimani, na bomba kuu ni kilomita 6.

Hatua ya 1: Kuibua mradi (Oktoba na Novemba)

Pima chemchemi mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Ukipima Machi, kila kijito kitakudanganya kuwa ni mto. Kusanya maji yote yapite kwenye kipande kimoja cha bomba, tega ndoo ya lita 20, hesabu sekunde kwa simu. Rudia mara kadhaa, chukua wastani. Tuseme ndoo inajaa kwa sekunde 16. Hiyo ni lita 1.25 kwa sekunde, sawa na lita 108,000 kwa siku.

Sasa mahitaji. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Watu 2,400 kwa lita 25 ni lita 60,000. Hapo wajumbe wa serikali ya kijiji huanza kupiga makofi. Subiri kwanza. Bomba unalilaza litumike miaka 20. Kijiji kikikua kwa asilimia 3 kwa mwaka, watu watakuwa karibu mara 1.8 ya waliopo, na mahitaji yatafika lita 108,000, yaani chemchemi nzima. Na chemchemi nzima hupewi, kwa sababu kuna watu na mto huko chini. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa mradi unafanyika hapa, kabla hata shilingi haijatoka: kutafuta chanzo cha pili, au kuanza na vitongoji vichache na kuwaambia wengine ukweli mapema.

Kuna jambo la pili ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwenye ripoti huo ni mstari mmoja. Bondeni, mita hizo 60 ni vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi) vya mama anayetegemea mahindi mabichi ya kiangazi kulipia mahitaji ya shule ya watoto, na mara nyingi huyo mama ni wa kijiji kingine ambacho hakitapata hata tone la maji yako. Nenda ukakae naye. Wenye milingoti (mikaratusi) karibu na chemchemi nao wazungumze mapema, maana kila mti wameshaupigia hesabu. Mnachokubaliana kiingie kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa vijiji vyote viwili, wenye saini na mhuri. Nimeona mabomba yakikatwa usiku, na aliyekata hakuwa mwizi.

Kibali cha kutumia maji kinaombwa kwenye bodi ya maji ya bonde ambalo chemchemi yako inamwagia: Rufiji ofisi iko Iringa, Ziwa Rukwa iko Mbeya, Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Angalia maji yanaelekea wapi, usiangalie mpaka wa wilaya. Makete, kwa mfano, mito ya upande mmoja inashuka Ruaha Mkuu na ya upande mwingine inashuka Nyasa.

Funga hatua hii kwa ukurasa mmoja: tunajenga nini, kwa ajili ya nani, nani mwenye uamuzi wa mwisho, na nini hakimo. Hilo la mwisho liandikwe kwa herufi kubwa. Kama kuunganisha maji majumbani hakimo, andika hakimo, la sivyo utaulizwa hadi siku ya uzinduzi.

Hatua ya 2: Kupanga (Desemba hadi Aprili)

Mvua imekufungia ndani, itumie. Weka tarehe ya mwisho, tuseme Oktoba 31, halafu panga kwa kurudi nyuma. Kuchimba na kulaza bomba kunahitaji Julai hadi Oktoba, watu wakiwa wameshavuna au wanamalizia. Basi mabomba yawe yamefika kijijini mwishoni mwa Juni. Basi oda itoke mapema Mei, kwa kuwa lori lililopanda mlima Kitonga vizuri linaweza kukwama kilomita tano za mwisho kwenye utelezi. Kama fedha ni za serikali, kumbuka mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na hapo hesabu yote inabadilika: ununuzi utaingia katikati ya msimu wa kuchimba, labda kazi yenyewe isogee mwaka unaofuata. Afadhali useme hivyo sasa.

Kwenye usanifu, mita 10 za kushuka, ukipima wima, ni bar 1 ya presha. Bomba la PN 10, yaani la bar 10, linavumilia mita 100. Chanzo kikiwa juu ya kijiji kwa mita 140 na wewe umelaza PN 10 moja kwa moja, linaweza kupasuka, tena usiku, koki zote zikiwa zimefungwa na presha imepanda hadi mwisho. Weka tenki la kupunguza presha njiani au nunua PN 16 kwa sehemu ya chini. Linganisha bei zote mbili kwenye BOQ (orodha ya vifaa na gharama) kabla ya kuamua.

Bajeti iwe na fungu la dharura, na vihatarishi viandikwe, kila kimoja na jina la mtu anayekiangalia.

Hatua ya 3 na ya 4: Kutekeleza huku unafuatilia (Mei hadi Oktoba)

Nimeziweka pamoja makusudi. Anayesubiri kazi iishe ndipo afuatilie, anafanya uchunguzi wa maiti.

Mita 6,000 kwa kaya 500 ni mita 12 kwa kila kaya. Usigawe sawasawa, aliyeangukia mwamba apewe chache, na aliyeangukia udongo laini aongezewe. Mwenyekiti wa kitongoji agawe hadharani, vigingi viwe na majina. Ajuza, wagonjwa na waliofiwa wasamehewe hapohapo mkutanoni, manung'uniko yaishie pale.

Kila Ijumaa chukua namba tatu: mita zilizochimbwa, mita zilizolazwa na kupimwa presha, fedha iliyotumika. Tuseme kazi ya bomba kuu imetengewa shilingi milioni 18. Muda umefika nusu, zimetumika milioni 9. Mhasibu atakwambia mambo ni shwari. Ukitembea kwenye mtaro unakuta mita zilizokamilika ni 2,100, yaani asilimia 35. Kwa mwendo huo kazi nzima itameza karibu milioni 25.7. Ukiligundua hilo Agosti, bado unaweza kuongeza mafundi, kubana usafiri au kukata tawi moja la bomba. Ukiligundua Oktoba umeshachelewa.

Maungio yasifukiwe kabla ya kupima presha. Mabadiliko yoyote, hata ya kusogeza kituo kimoja kwa ombi la diwani, yaandikwe: nani kaomba, gharama kiasi gani, nani kakubali.

Hatua ya 5: Kufunga

Maji kutoka bombani si mwisho wa mradi. Kabla ya makabidhiano chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kiwe kimesajiliwa, kina akaunti, bei ya ndoo imepitishwa na mkutano mkuu, na mafundi wawili wa kijiji wamefanya kazi na mafundi wako toka siku ya kwanza. Semina ya siku mbili mwishoni haimfundishi mtu kuunga bomba.

Mkandarasi asilipwe yote. Sehemu ya fedha ibaki hadi kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiishe, na kipindi hicho kivuke masika yote, maana ndipo mitaro inapotitia. Faili liwe nakala mbili, moja ya chombo, moja ya ofisi ya wilaya ya RUWASA (wakala wa maji vijijini): muhtasari wa vijiji, kibali cha maji, vipimo vya presha, na mchoro wa bomba jinsi lilivyolazwa kweli, si lilivyochorwa ofisini. Funguo za chemba za valvu zikabidhiwe kwa saini, seti ya pili ibaki kwa mtendaji wa kijiji.