Jinsi ya kumdai fidia mwajiri, mfanyakazi wake anapodaiwa kumpiga mteja

Mteja aliyepigwa anaweza kumdai aliyempiga, na pia aliyemwajiri. Mwajiri ndiye mara nyingi mwenye bima, lakini hawajibiki kwa kila ugomvi wa mfanyakazi wake. Kwa nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, ni lazima kipigo kifungamane na kazi aliyokabidhiwa.

Anza na hospitali na polisi siku hiyohiyo. Kila jeraha liandikwe pamoja na chanzo chake. Chukua namba ya taarifa ya polisi.

Kisha kamera za usalama za eneo hilo, hapa ndipo madai mengi hufia. Mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Usisubiri kujua unadai kiasi gani. Andika barua ukitaja tarehe, muda (weka nusu saa kabla na baada) na eneo, uombe rekodi isifutwe. Mpokeaji asaini nakala yako, kwani ombi la mdomo kwa meneja ni rahisi kukanwa.

Mwajiri ni nani hasa? Jina la kwenye bango huenda si la kampuni. Tazama risiti, kisha ulihakiki kwa msajili wa kampuni. Mlinzi wa mlangoni mara nyingi ni wa kampuni ya ulinzi. Ukiwa na shaka waandikie wote wawili.

Sasa barua ya madai. Eleza mtiririko: mfanyakazi alikuwa zamu, kazi yake ilikuwa kuhudumia wateja, maneno yalianzia kwenye huduma. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliiwajibisha Morrisons, kampuni ya maduka makubwa, baada ya mhudumu wa kituo cha mafuta kumtukana mteja aliyeulizia kuchapishiwa nyaraka, kumfuata hadi kwenye gari na kumpiga. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilishinda kesi nyingine, kwa sababu mfanyakazi aliyevujisha taarifa za wenzake alikuwa akilipiza kisasi chake binafsi, si kufanya kazi ya mwajiri. Kwa hiyo usibandike "ananichukia" kwa hasira tu. Kama si kweli, umempa mwajiri utetezi bure.

Gharama za matibabu, mshahara uliopotea na maumivu vitenganishwe, risiti ziambatishwe. Toa siku 14 au 21 za kujibu.

Usingoje kesi ya jinai iishe. Katika kesi ya madai unahitaji kuonyesha kwamba tukio lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea kuliko kutotokea, hivyo mfanyakazi akiachiwa huru bado unaweza kushinda. Muda wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, nao unakimbia: Uingereza ni miaka 3 kwa majeraha ya mwili, kwingine ni mfupi zaidi.

Ukiletewa pesa kidogo pamoja na karatasi ya kusaini, tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukishasaini hayo, gharama za upasuaji utakaogundulika baadaye utazibeba mwenyewe.