Namna ya kuwalinda watoto dhidi ya floraidi iliyomo katika maji: mwongozo kwa familia za Arumeru

Mwongozo huu ni wa familia zinazoishi wilayani Arumeru, mkoani Arusha, kuuzunguka Mlima Meru, kuanzia Oldonyo Sambu hadi Ngarenanyuki na Maji ya Chai, ambako maji ya visima, mito na chemchemi nyingi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Madini hayo hutoka kwenye miamba ya volkano, na kwa kuwa maji ya ukanda huu yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, floraidi huendelea kuyeyuka humo badala ya kubaki ardhini. Ikiwa kidogo, huimarisha meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, lakini baadhi ya vyanzo vya Arumeru vimepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine cha maji.

Anayeumia zaidi ni mtoto aliye chini ya miaka minane, kwa kuwa meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi. Jino likishatoka na madoa ya kahawia, maji mazuri hayaliponyi tena, na kulisugua kwa mchanga au mkaa hulikwangua tu na kulidhoofisha. Kwa hiyo, ikiwa nyumbani kuna ndoo moja tu ya maji salama kwa siku, ndoo hiyo ni ya watoto wadogo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Anza kwa kujua hali ya maji unayotumia. Floraidi haionekani wala haina harufu, na visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, hivyo maji meupe yasikudanganye. Uliza ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini uliotokana na sheria ya mwaka 2019, au mamlaka ya maji ya Arusha ikiwa unatumia bomba la mjini, kama chanzo chako kimeshapimwa. Ikiwa bado, omba kipimwe. Sampuli huchukuliwa kwa chupa safi ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, kisha huandikwa jina la chanzo na tarehe. Ni vyema kupima wakati wa kiangazi na tena baada ya masika, kwa sababu mvua huyazimua maji ya baadhi ya vyanzo.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani na kukolea, kama chumvi katika mchuzi uliokaukia jikoni. Klorini na vichujio vya kawaida vya kauri navyo huua au kuzuia vijidudu pekee. Hilo lisimfanye mtu aache kuchemsha, kwani kuhara huua mtoto haraka kuliko floraidi inavyomlemaza. Punguza floraidi kwanza, kisha chemsha maji yaliyopatikana.

Njia ninayoiamini kuliko zote kwa familia yenye kipato kidogo ni kutenganisha maji. Kufua, kuoga na kunywesha mifugo kunaweza kuendelea kwa maji ya kisima, huku yale ya kunywa na kupikia yakitoka kwingine, hasa kwenye mvua, ambayo karibu haina floraidi kabisa. Familia ya watu watano inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika inahitaji takriban lita 3,000 ili kuvuka siku 150 za ukavu kuanzia Juni. Paa la bati la mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 100, hutoa takriban lita 3,200, hata baada ya kuondoa sehemu moja kati ya tano inayopotea. Masika huleta zaidi ya hapo, kwa hiyo kikwazo huwa ni gharama ya tangi. Wanaoshindwa kulinunua kwa mkupuo wanaweza kuchangiana kwa zamu kupitia kikundi chao cha vikoba. Mvua ya kwanza imwagwe ili ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe kwa wavu usiopitisha mbu.

Pasipo na mvua ya kutosha, tumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Usichome mifupa mwenyewe: moto mdogo huacha harufu na rangi katika maji, na moto mkali mno huharibu uwezo wa mkaa kunasa floraidi. Chujio likichoka halitoi dalili yoyote, na kadiri maji yalivyo na floraidi nyingi ndivyo linavyochoka mapema, kwa hiyo usilinunue kwa muuzaji asiyeweza kukueleza mkaa utabadilishwa lini na maji yaliyochujwa yatapimwa wapi. Shabu nayo hutumika kuondoa floraidi, lakini vipimo vyake ni kazi ya fundi wa maji.

Jikoni kuna chanzo cha pili cha floraidi ambacho wengi hukisahau, nacho ni magadi ya kulainishia maharage na makande. Kiasi cha floraidi ndani yake hubadilika sana kutoka fungu moja hadi jingine, na hakuna mpishi anayeweza kukitambua kwa macho. Loweka maharage usiku kucha na uyaache magadi. Chai ya rangi iliyokolea pia ina floraidi, hivyo mtoto apewe maziwa. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi, na hiyo ni sababu nyingine ya kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita ya mwanzo. Uji wake wa kwanza baada ya hapo upikwe kwa maji ya mvua au yaliyochujwa.

Mtoto anayeanza kutembea akionekana kupinda miguu, apelekwe hospitali mapema bila kusubiri akue. Matege, yaani kupinda huko, huweza kusababishwa na floraidi, lakini husababishwa pia na upungufu wa vitamini D au kalsiamu, ambao una tiba, na daktari pekee ndiye anayeweza kutofautisha. Mzazi abebe kadi ya kliniki pamoja na karatasi ya matokeo ya maji ya nyumbani, ili daktari wa hospitali ya Mount Meru jijini Arusha au ya KCMC mjini Moshi aone mtoto amekuwa akinywa nini.