Kujifunza ufundi wa majahazi kwa grupu la simu

Wataka kujua majahazi yaundwavyo na huna wa kukufunza? Fungua grupu la WhatsApp, watu watano sita tu mnaofuata jambo moja, wakizidi itakuwa salamu za asubuhi na picha za maua (mwazijua). Halafu nenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa Lamu, msalimie fundi vizuri, omba ruhusa ndo upige picha, na upige karibu kabisa pale anapotia kalafati, pamba inavyoshindiliwa katikati ya mbao. Ukituma usiulize "mwaonaje?", uliza kitu hasa, "hii pamba yalowekwa mafuta gani?" Mwenzenu wa grupu alioko Malindi, tuseme, akijibu, nawe mpe habari ya ufundi wa kwenu. Majibu yaandike daftarini. Vois noti ndefu punguzeni jamani, bando si bure.